Haya na Aibu katika Kupenda Nyimbo

Kila mtu ana nyimbo za namna mbili. Ziko zile azitajazo mbele za watu anapoulizwa apenda muziki gani, na ziko nyingine azisikilizazo akiwa peke yake, mlango umefungwa na sauti imepunguzwa. Mwanafunzi aliyelelewa na rumba nyumbani kwao huweza kusema shuleni kwamba hasikilizi ila nyimbo mpya za mjini. Msomi asifuye udi na ganuni huweza kuwa na wimbo wa sinema ya Kihindi auimbao bafuni. Mzee wa bara akemeaye nyimbo za vijana huenda akawa na wimbo wa Jim Reeves umtoao machozi. Wahenga walisema kipenda roho hula nyama mbichi. Methali hii yatuambia kwamba mapenzi hayangoji kibali cha akili. Lakini haituelezi kwa nini mla nyama mbichi, asikiapo nyayo mlangoni, huificha sahani yake. Hilo ndilo nitakalo tulichunguze pamoja, msomaji, katika insha hii: mapenzi yetu ya muziki yatoka wapi, na kwa nini baadhi yake twayaficha?

Jambo hili si dogo kama lionekanavyo. Kazi ya mhakiki huanza na ushuhuda: wimbo umepigwa, nami nimesikia nini? Ikiwa ushuhuda huo wa kwanza ni wa uongo, kila hukumu ijengwayo juu yake itakuwa kama nyumba juu ya mchanga. Mwanafunzi aliyezoea kuficha apendacho huishia kusifu asichokipenda, kwa maneno aliyoyaazima kwa mwalimu au kwa wenzake, na baada ya miaka michache hawezi tena kupambanua sauti ya moyo wake na mwangwi wa watu. Tena iko hasara ya pili, nayo ni ya jamii nzima. Muziki unaoonewa aibu hukosa wanafunzi. Mzee ajuaye kuupiga huzeeka bila mrithi, ala yake hutundikwa ukutani, na siku watu wanapotambua thamani yake, mikono iliyoijua imekwisha kuzikwa.

Basi tuanze na sikio lenyewe. Watu wengi hudhani kwamba mtu huzaliwa akijua sauti ipi ni tamu na ipi ni chungu, kama ulimi ujuavyo sukari na shubiri. Mwaka 2016 wataalamu walichapisha habari za uchunguzi uliofanywa kati ya Watsimane, watu wakaao katika misitu ya Bolivia, ambao hawakuzoea muziki wa Kizungu. Waliwapigia sauti zilizounganishwa pamoja: nyingine za kupatana, ambazo masikio yaliyozoea muziki wa Kizungu huziona tamu, na nyingine za kugombana, ambazo masikio hayo huzikimbia. Watsimane waliziona zote kuwa sawa kwa utamu. Kumbe hata jambo tulilolidhani kuwa la maumbile, sehemu yake kubwa ni la malezi.

Zamani kidogo kabla ya hapo, mwaka 1968, mwanasaikolojia wa Marekani Robert Zajonc alionyesha kwamba mtu huelekea kukipenda kitu kwa sababu tu amekutana nacho mara nyingi. Aliwaonyesha watu maneno wasiyoyajua, mengine mara chache na mengine mara nyingi; nao, walipotakiwa kukisia maana, waliyadhania mema yale waliyoyaona zaidi. Fikiri basi, msomaji, nyimbo ulizozisikia kabla hujajua kusoma: za mama akimbembeleza mtoto, za kanisani au kasida za maulidi, za redio ya jirani zipitazo ukutani, za matatu iliyokupeleka sokoni. Hukuichagua hata moja, walakini ndizo zilizolifundisha sikio lako lingoje sauti gani baada ya sauti gani. Mtu aonaye aibu kwa sababu ya wimbo wa utotoni mwake huona aibu kwa jambo ambalo hakuulizwa.

Baada ya sikio huja wenzi. Tumezoea kusema kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kama methali hii ingekuwa kweli tupu, wimbo mzuri ungependwa po pote utakapopigwa, na wimbo mbaya ungekataliwa po pote. Mwaka 2006 wataalamu watatu, Matthew Salganik, Peter Dodds na Duncan Watts, walitangaza matokeo ya jaribio lililofanywa kwa njia ya intaneti. Watu zaidi ya 14,000 walipewa nyimbo 48 za vikundi visivyojulikana, wazisikilize, wazipe alama, na kuchukua walizozipenda. Baadhi yao walisikiliza bila ya kujua wengine wamechukua nini. Waliosalia waligawanywa katika makundi manane, na kila mmoja aliweza kuona nyimbo walizochukua wenzake wa kundi lake, na zimechukuliwa mara ngapi. Ilionekana kwamba pale watu walipoona chaguo la wenzao, nyimbo zilizopendwa zilizidi kupendwa, na zilizoachwa zikazidi kuachwa. Tena wimbo ulioongoza katika kundi moja uliweza kuwa nyuma katika kundi jingine. Nyimbo bora kabisa zilishindwa kwa nadra, na mbaya kabisa zilishinda kwa nadra. Lakini zile za katikati, nazo ndizo nyingi, bahati yao ilitegemea zaidi ni nani waliotangulia kuzichukua. Methali yetu, basi, ina ukweli wa nusu. Chema chajiuza, lakini aghalabu hujiuza pale ambapo foleni imekwisha kuanza.

Watazame wenzako darasani utaona mambo hayo hayo. Wimbo uliokuwa midomoni mwa wote muhula uliopita, akitokea mmoja mwenye sauti kubwa akasema kwamba umepitwa na wakati, ni nani atakayesimama kuutetea? Wimbo haukupungua kitu usiku kucha. Kilichobadilika ni foleni.

Jambo la tatu ni cheo. Pierre Bourdieu, mwanasosholojia wa Ufaransa, alikusanya katika miaka ya 1960 majibu ya watu wa nchi yake juu ya vitu wavipendavyo, na mwaka 1979 akatoa kitabu kiitwacho La Distinction. Aliona kwamba muziki watu walioutaja ulifuatana sana na elimu yao na kazi zao. Wafanyakazi wa mikono waliupenda muziki wa kucheza wa Johann Strauss juu ya mto Danube. Walimu wa vyuo vikuu walielekea zaidi kwenye muziki wa kinanda wa Bach. Muziki ule wa Strauss ni ule ule uliotungwa karne ya 19. Kosa lake ni kwamba umeenea mno, na kitu kipendwacho na kila mtu hakimfai mtu atakaye kuonekana tofauti na kila mtu. Hapo, msomaji, ndipo aibu ya muziki inapozaliwa. Mtu haogopi kwamba wimbo ni mbaya; aogopa kwamba wimbo utawaambia watu yeye ametoka wapi.

Tusidhani kwamba hayo ni mambo ya Ufaransa peke yake. Pwani yetu ina ushahidi wake. Yasimuliwa kwamba taarabu ilipata makao Unguja wakati wa Sultani Barghash bin Said, aliyetawala tangu 1870 hata 1888, akaleta muziki wa Kimisri katika jumba lake. Mwaka 1905 kilianzishwa chama cha Ikhwani Safaa. Nyimbo zilizotukuzwa siku zile zilikuwa za Kiarabu, lugha ambayo wengi wa watu wa mjini hawakuielewa. Kisha akatokea Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba yapata mwaka 1880, mtoto wa watu waliokuwa watumwa, ambaye alitembeza vyungu mjini kabla ya kujulikana kwa uimbaji. Yeye aliimba kwa Kiswahili. Wenye kumhusudu walimtungia maneno ya kumkejeli kwa ajili ya asili yake na umaskini wake. Mwaka 1928 alisafiri na wenzake hata Bombay, wakaimba katika santuri, na santuri hizo zikaenea katika Afrika ya Mashariki. Siti alifariki mwaka 1950, na Shaaban Robert, bingwa wa lugha yetu, aliona kwamba yampasa kuuandika wasifu wake.

Mwaze basi muungwana wa siku zile aliyefundishwa kwamba taarabu ya heshima ni ya Kiarabu, naye moyo wake ukatekwa na sauti ya binti wa shamba ikiimba maneno anayoyaelewa yote. Je, kosa lilikuwa katika sikio lake, au katika mizani aliyokabidhiwa apimie? Leo hapana aonaye aibu kumtaja Siti. Sauti iliyo katika santuri zake ni ile ile iliyokejeliwa.

Mfano wa pili uko Mombasa, nao ni mgumu zaidi, kwa maana hoja za wenye kulaumu zina uzito. Mohamed Khamis Juma Bhalo, aliyezaliwa mwaka 1942 na kufariki mwaka 2014, alijipatia jina kubwa kwa kuimba mashairi ya Kiswahili katika tuni za nyimbo za sinema za Kihindi. Arusi za Mombasa zilimpenda. Lakini wako waliosema kwamba huo si Uswahili. Kwamba mtu achukuaye tuni ya mwingine na kuitia maneno yake ameazima nguo ya watu kwenda nayo karamuni. Na atakaye kuonyesha njia iliyo tofauti na hiyo humtaja Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu, aliyefariki mwaka 2016, bingwa wa udi, ambaye muziki wake ulielekea Uarabuni na kwenye mapokeo ya kale ya pwani. Hivyo mtu aliweza kumsifu Zein barazani, kisha akarudi nyumbani kumsikiliza Bhalo.

Tuipime lawama hiyo kwa haki. Udi ulitoka Uarabuni, fidla Ulaya, tabla Bara Hindi. Na tashkota, ipigwayo katika taarabu ya Mombasa, asili yake ni Ujapani. Ikiwa kuazima ndiko kosa, taarabu yote ina hatia. Wala si taarabu peke yake. Tangu mwaka 1933 kampuni ya Uingereza ilileta Afrika santuri za Kuba zilizokuwa na alama ya G.V.; watu wa Leopoldville na Brazzaville wakazisikiliza, wakaziiga, kisha wakazigeuza kuwa muziki wao. Mwaka 2021 UNESCO iliiandika rumba ya Kongo katika orodha ya urithi wa wanadamu. Kilichoanza kwa kuiga kimekuwa urithi. Kwa hiyo swali la haki halihusu kama kitu kimeazimwa, ila kimefanyiwa kazi gani baada ya kuazimwa.

Msikilize basi Bhalo akiimba tungo za Ahmad Nassir, malenga wa Mvita. Maneno ni ya Kimvita kilichokomaa. Vina na mizani vimetunzwa. Mafumbo ni ya watu waliozoea kusema jambo kwa kulizunguka. Sauti huteleza na kupanda kwa mtindo wa waimbaji wa sinema, walakini hufika kwenye kina mahali ambapo sikio la Mswahili linakingoja. Hapo pana ufundi, wala hapana sababu ya kuuficha. Upungufu nao uko. Tuni iliyotungwa kwa ajili ya lugha nyingine mara nyingine hulibana neno la Kiswahili: silabi isiyo na mkazo huvutwa, yenye mkazo hupitwa mbio, na msikilizaji hulazimika kulikisia neno. Tena furaha ya kuitambua tuni ya sinema yaweza kumshughulisha mtu hata asiyasikie maneno kabisa, na huku maneno ndiyo yaliyobeba jambo. Mhakiki mwaminifu atayasema yote mawili. Na akigeukia udi wa Zein, ausifu ujibuvyo mwimbaji kwa utulivu, atafute upungufu pia kwa bidii ile ile. Kwa maana muziki wenye heshima haukusamehewa kupimwa.

Sasa tupande bara. Jim Reeves, Mmarekani aliyekufa katika ajali ya ndege tarehe 31 Julai 1964, aliingia kwa redio na santuri katika nyumba nyingi za Kenya, na hata leo wako wampendao, wengine wakicheka kidogo wakati wa kukiri. Ana nini? Ana sauti nzito aiimbayo karibu sana na maikrofoni, hata huwa kama mtu asemaye nawe mkiwa mezani wawili tu. Ana maneno machache yasikikayo moja moja, hata kwa mtu ambaye Kiingereza ni lugha ya kujifunza. Huo ni ufundi wa kweli, na waimbaji wengi wenye kelele hawauwezi. Lakini fidla na waitikiaji walio nyuma yake mara nyingi huongeza asali juu ya sukari, na huzuni ya wimbo mmoja yafanana mno na ya wimbo mwingine. Ukiyasema hayo hutakuwa umemsaliti mzee wako ampendaye, wala hutakuwa umelidanganya sikio lako.

Labda utaniuliza, msomaji: Ikiwa kupenda ni matunda ya malezi, wenzi na cheo, je, nyimbo zote si sawa, na kila mtu aachwe na chake? Hapana, hazi sawa. Yako maswali matatu, na matata mengi huja kwa sababu twayachanganya. La kwanza: Je, naupenda wimbo huu? Katika hilo shahidi ni wewe peke yako, wala mwalimu hawezi kukujibia. La pili: Je, umetengenezwa vizuri? Hapo kupenda kwako hakutoshi. Yakupasa uonyeshe maneno yake, mapigo yake, sauti yake, jinsi mwanzo wake unavyouandaa mwisho, ili mwenzako asikilize tena na kukubali au kukukanusha. La tatu: Ni nani anitazamaye nisikilizapo? Hilo halihusu wimbo hata kidogo, nalo ndilo lijibiwalo kwa kelele kuliko yote. Asemaye, "Naupenda, kwa hiyo ni bora," ameliingiza la kwanza ndani ya la pili. Asemaye, "Wenzangu waucheka, kwa hiyo siupendi," ameliuza la kwanza kwa bei ya la tatu.

Lugha yetu imetupa maneno mawili yatakayotusaidia hapa. Tunayo haya, na tunayo aibu. Haya hukaa ndani ya mtu. Ni mlinzi wake hata akiwa gizani, ndiyo maana kumwambia mtu kwamba hana haya ni tusi zito. Aibu huletwa na macho ya watu. Hapana macho, hapana aibu. Sasa chukua wimbo wenye tuni tamu na maneno yamdhalilishayo mwanamke, au yachocheayo chuki juu ya kabila la jirani. Ukiupenda utamu wake, kisha moyo ukakusuta, hayo ni haya, nayo yafaa kusikilizwa. Usiikane tuni kwamba ni tamu, maana utakuwa umesema uongo. Lakini usikubali utamu huo uyapitishe maneno bila ya kuulizwa, kama mchukuzi apitishaye magendo chini ya maembe. Bali ukiupenda wimbo usio na dhara kwa mtu, ukauficha kwa kuwa ni wa kijijini, au wa wazee, au wa watu wasiosoma, au wa sinema, hiyo ni aibu tupu, na yakupasa ujiulize ni nani aliyekupa.

Nina neno moja la kukuomba kabla hatujaachana. Chukua karatasi, uandike nyimbo tatu ambazo usingependa wenzako wajue kwamba wazipenda. Mbele ya kila mmoja uandike uliusikia wapi kwanza, na nani alikuwako. Kisha uusikilize kama hakimu: uandike jambo moja lililofanywa vizuri ndani yake, na jambo moja lililofanywa vibaya, kwa ushahidi. Mwisho uandike ni macho ya nani uliyokuwa ukiyaogopa. Huenda wimbo mmoja kati ya hizo tatu ukauona kuwa dhaifu kweli, nawe ukaendelea kuupenda kwa ajili ya aliyekuimbia. Hilo halina ubaya, maadamu wajua ni yeye umpendaye. Huenda wa pili ukauacha. Na huenda wa tatu ukauona kuwa kazi bora iliyokuwa ikingoja mtu mmoja asimame aseme hivyo. Akiwa mtunzi wake yu hai na yuko karibu nawe, kama walivyo wapigaji wengi wa nyatiti, wa udi na wa gitaa katika nchi hii, nenda umwambie, na umwombe akuonyeshe mikono yake inavyofanya kazi.